Bangi, majivu na udongo wa nyuma ya nyumba: safari ya mmea mmoja ndani ya Kongo

Siku hizi mtu akitaja bangi huku Kivu, wengi wanafikiria polisi, amande na gereza. Wengine wanafikiria vijana waliopotea barabarani. Lakini mmea huu ulikuwa ndani ya Kongo kabla ya polisi, kabla ya gereza, na kabla Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hajasema kwamba nchi hii ni yake. Na kwa muda mrefu haukufichwa msituni. Ulisimama karibu na nyumba, pale ambapo mama anamwaga majivu ya jiko na maganda ya ndizi.

Kwa hiyo historia ya bangi ni historia ya mambo mawili. Ni historia ya sheria, na ni historia ya udongo. Ya kwanza inajulikana kidogo. Ya pili karibu imesahauliwa, lakini ndiyo inayoweza kusaidia familia leo, hasa zile zilizokimbia mashamba yao.

Mmea uliofuata njia ya misafara

Bangi haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni Asia. Hata jina lenyewe linaonyesha njia yake: watu wa India wanasema bhang, na Waswahili wa pwani wakasema bangi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliuleta mmea huu pwani ya Afrika Mashariki zamani sana, kisha ukapanda bara kwa miguu ya watu.

Huko Asia wengi walikuwa wanaila bangi au wanaichanganya katika kinywaji. Afrika ndiyo iliyoipa kiko. Kiko cha kibuyu chenye maji, ambacho wazee wa sehemu nyingi za Kongo walikifahamu, ni ufundi wa Waafrika wenyewe.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema, mpaka Kasongo na Nyangwe. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili huku kwetu. Mwingereza Richard Burton alipita njia ya Tabora na Ujiji mwaka 1857 na 1858, na aliandika kwamba bangi ilipandwa karibu kabisa na milango ya nyumba za watu. Hakuiona kama shamba kubwa la biashara. Aliiona kama mboga ya uani.

Waliovuta zaidi walikuwa watu wa kazi ngumu: wapagazi, watumwa, wapiga makasia. Mtu aliyebeba mzigo tangu asubuhi hakuwa na daktari wala dawa ya maumivu. Alikuwa na moto, kibuyu na majani. Hiyo haifanyi bangi kuwa kitu kizuri, lakini inaeleza kwa nini ilisafiri haraka hivyo.

Upande wa magharibi na wa kusini jina ni lingine. Kasai wanasema diamba, Angola wanasema liamba. Wanyarwanda wanasema urumogi. Kila jina linaonyesha watu walioupokea mmea na kuufanya wao.

Kalamba na watu wa diamba

Habari ya ajabu zaidi inatoka Kasai, katika nchi ya Baluluwa, si mbali na mji unaoitwa leo Kananga. Huko, miaka kabla ya wazungu kufika, chefu Kalamba Mukenge na dada yake Sangula Meta waliongoza watu waliojiita Bena Diamba, maana yake watu wa bangi.

Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walifika kwa Kalamba mwaka 1881, na waliandika walichokiona. Bena Diamba walikuwa wamechoma dawa na sanamu za zamani. Waliacha pombe ya mawese. Walisalimiana kwa neno moyo, maana yake uzima. Nchi yao waliiita Lubuku, yaani urafiki. Watu walikusanyika mahali palipofyekwa, wakavuta pamoja, na kuvuta pamoja kulikuwa alama ya kuacha vita kati ya vijiji. Mtu aliyekosa aliweza kuhukumiwa kuvuta nyingi mpaka akaanguka.

Tusiifanye habari hiyo kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Kalamba alikuwa pia mtu wa siasa na biashara. Wachokwe walileta bunduki wakitafuta pembe na watumwa, na mkuu aliyeunganisha vijiji vingi alipata nguvu katika biashara hiyo. Wako waliokataa desturi mpya, nao hawakuachwa kwa amani siku zote. Lakini jambo moja linabaki: Wakongo wenyewe walichukua mmea mgeni, wakaufanya msingi wa mapatano ya nchi nzima. Haikuwa tabia ya wahuni wa pembeni. Ilikuwa kazi ya machefu.

Mwaka 1884 Wissmann alianzisha kituo cha Luluabourg katika nchi hiyo. Mwaka uliofuata watu wa Kalamba walisafiri naye kwa mitumbwi kushuka mto Kasai, mpaka Léopoldville. Urafiki huo haukudumu. Serikali ya Leopold ilipotaka kodi, watu wa kazi na utii, Kalamba na serikali waligeuka kuwa maadui.

Sheria inaingia uani

Mwaka 1903 État Indépendant du Congo ilikataza bangi. Ni vizuri kukumbuka mwaka huo. Ulikuwa wakati wa mpira mwekundu, wakati vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa mjeledi na bunduki. Serikali iliyokuwa inavunja watu kwa kazi ndiyo iliyosema kwamba inawalinda na moshi. Kwa wakubwa wa wakati ule, mtu aliyevuta alikuwa mvivu, na mvivu hakuleta mpira.

Baadaye dunia nzima ilifuata. Mwaka 1925, katika mkutano wa Geneva juu ya afyuni, bangi iliingizwa katika mapatano ya kimataifa, na Misri ndiyo iliyosukuma sana jambo hilo. Mwaka 1961 mapatano mapya yaliyotiwa sahihi New York yaliiweka bangi katika kundi moja na dawa za kulevya zinazochungwa kwa ukali zaidi.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa inaingia katika mashamba mengine pia. Kuanzia mwaka 1917, mkulima wa Kongo Belge aliweza kulazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, kama pamba au mpunga, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo ziliongezwa mpaka 120. Huku Kivu ardhi nzuri ilikatwa vipande. Parc Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925. Comité National du Kivu ilianzishwa mwaka 1928, na kupitia kwake masetla walipata mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinini.

Mwanakijiji alibaki na nini? Alibaki na kipande cha nyuma ya nyumba. Hapo hakuna mkubwa aliyempangia cha kupanda. Ndizi, maboga, lengalenga, tumbaku, dawa za tumbo za watoto, na mara nyingine mche mmoja au miwili ya bangi katikati ya mahindi. Uani ulikuwa shamba la mwisho la uhuru, na mmea uliokatazwa ulikaa hapo pamoja na mimea iliyoruhusiwa.

Kwa nini nyuma ya nyumba?

Haikuwa kwa kujificha tu. Ni kwa sababu ya udongo.

Bangi ni mmea wenye njaa. Unatoa majani mengi kwa muda mfupi, na majani yanataka azoti, chakula kinachopatikana kwa wingi katika mavi na mikojo ya wanyama. Ndiyo maana wataalamu wa mimea, kama Mrusi Nikolai Vavilov, waliuona huko Asia ukiota wenyewe kwenye majalala na mahali watu na mifugo walipolala. Ni mmea unaomfuata mtu na takataka zake.

Na nyuma ya nyumba ya Mkongo takataka haikuwa takataka. Mavi ya mbuzi na kuku yalifagiliwa kila asubuhi na kurundikwa kwenye migomba. Majivu ya jiko yalitawanywa, na majivu yana potasi na yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi. Maganda ya ndizi, mabua ya maharagwe, maji ya kuoshea vyombo, vyote vilirudi chini. Mwaka baada ya mwaka udongo wa karibu na nyumba uligeuka kuwa mweusi na laini, wakati shamba la mbali lilizidi kuchoka. Hata leo, ukitembea Kabare au Walungu, utaona migomba ya karibu na nyumba imenenepa, na mihogo ya kilimani imekuwa myembamba na ya manjano. Mvua ni ile ile. Tofauti ni fagio na kikapu.

Kazi hiyo ilifanywa na wamama na watoto zaidi. Hakuna mkoloni aliyewaita wataalamu. Leo katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambako bangi imeruhusiwa, watu wanalipa pesa kwa udongo wa mboji na mbolea ya asili katika mifuko, ili wapande mche nyumbani bila kemikali. Wanachonunua dukani ni kile ambacho bibi wa Bushi alikuwa anakitengeneza bure kwa majivu na mavi ya mbuzi.

Leo: sheria, vita na kikapu cha majivu

Dunia imeanza kubadilika. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa juu ya dawa za kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya ukali zaidi ya mapatano ya 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Jirani yetu Rwanda iliweka mwaka 2021 utaratibu wa kulima bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, kwa kampuni zenye ruhusa, huku kuvuta kukibaki kosa. Kwa Kongo, kulima, kuuza na kuvuta bado ni kosa.

Mabadiliko hayo hayajafika kwa mkulima mdogo. Ruhusa ni ya mwenye mtaji, ukuta na maabara. Mwenye mche mmoja uani anabaki na hatari yote. Huku mashariki hatari hiyo ina sura mbili. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika mara kadhaa kwamba makundi yenye silaha na hata watu wa jeshi walipata pesa kwenye biashara ya bangi. Mkulima anauza kwa bei ya chini, mwenye bunduki anachukua faida, na anayekamatwa ni mkulima. Kijana anayevuta ili asahau vita naye anaumia: moshi ukianza mapema unaharibu akili inayokua, na mwenye kiwewe anaweza kuzidi kuchanganyikiwa. Wazazi wanaoogopa wana sababu.

Lakini wanaoijua njaa wanajua pia kwa nini mtu anapanda. Aliyefukuzwa shambani mara tatu hawezi kupanda kahawa, maana mkahawa unataka miaka. Anatafuta mmea unaokomaa katika miezi michache na unaobebeka mgongoni. Sheria inauona mmea. Haimuoni mtu aliyenyang'anywa muda.

Hapa ndipo nusu ya pili ya historia hii ina kazi. Elimu ya udongo haikukatazwa na sheria yoyote. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025, familia nyingi za wahami zililala juu ya mawe ya lava kuzunguka Goma, mahali ambapo jembe haliingii. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na lava changa inachukua miaka mingi kuwa udongo. Lakini uani unaweza kujengwa upya hata ndani ya gunia. Udongo kidogo ulioletwa kwa beseni, mavi makavu ya mbuzi, majivu kiganja kimoja kimoja, maganda yaliyooza, mawe madogo katikati ili maji yapite. Lengalenga ina njaa kama bangi, na inapenda chakula kile kile. Baada ya wiki nne hivi mama anaweza kuchuma mboga ya kwanza, na hakuna askari atakayeuliza.

Misafara imepita, mpira umepita, masetla wameondoka, na sheria zimebadilishwa mara nyingi na watu walioishi mbali. Muda wote huo kikapu cha majivu kilikuwa kinatoka jikoni kila asubuhi na kwenda nyuma ya nyumba. Mtoto aliyezaliwa kambini hajakiona kikapu hicho kwa nyanya yake. Akifundishwa, siku familia itakaporudi Masisi, Rutshuru au Kalehe, atajua pa kuanzia hata kama nyumba imeanguka na mbuzi wameibwa.