Muziki Msikivu

Kijana anayecheza soka ya PlayStation katika kibanda cha gemu mjini Migori hujua hata bila kukodolea kioo macho kwamba mpira umekaribia goli: kelele za mashabiki zimepanda. Sauti inamfuata. Muziki wenye tabia hiyo, unaobadilika kulingana na anachotenda mchezaji, napendekeza tuuite muziki msikivu.

Jina linalokuja upesi mdomoni, muziki wa usuli, halitoshi. Usuli hukaa palepale, mchezaji akimbie au asinzie. Msikivu ni yule anayesikia kisha akatenda. Mtoto msikivu hutii.

Mfano wa kale ni Space Invaders, gemu ya Kijapani ya 1978. Ina noti nne nzito zinazojirudia, na kadiri wavamizi wanavyoshuka ndivyo zinavyokwenda mbio, na moyo wa mchezaji nyuma yake. Mwaka 1991, Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya gemu ya LucasArts walitumia mfumo wao wa iMUSE katika Monkey Island 2: mhusika akihama mahali, programu husubiri pahali panapofaa katika wimbo, ndipo ivukie mwingine bila mkatiko. Njia nyingine ni ya matabaka. Muziki wa Red Dead Redemption ya 2010 ulirekodiwa kwa sehemu kubwa katika kasi moja ya mapigo 130 kwa dakika na ufunguo mmoja, ili ngoma iongezwe au gitaa liondolewe wakati wowote pasipo kugongana.

Wapenzi wa nyatiti, kinubi cha nyuzi, na wa ngoma za ohangla huko Homa Bay na Migori wanalijua jambo hili tangu zamani. Kwenye matanga mgeni huinuka, akamsimamisha mpigaji, akatoa fedha, akajitapa au akamsifu shemeji yake. Hiyo ndiyo pakruok. Mpigaji humsikiliza, kisha nyuzi nane hurudi kwa nguvu mpya. Hali ya pale hujengwa na pande zote mbili, na ndivyo ilivyo katika gemu nzuri: woga au utulivu hautoki kwenye wimbo peke yake, hutokana na mchezaji kuhisi kwamba mahali pale pamemtambua.

Kwa kigezo hicho, Baba Yetu ya mtunzi Christopher Tin si muziki msikivu, nami naipenda mno. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa Civilization IV ya 2005, na mwaka 2011 ikawa kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Lakini husikika kwenye menyu ya kufungulia, kabla mchezaji hajatenda lolote.

Natamani gemu ya Thimlich Ohinga, ngome za mawe za Migori zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mchezaji akiwa mbali nyasini, asikie uzi mmoja mzito wa nyatiti. Akifika langoni, pete ya mguuni mwa mpigaji ianze kugonga. Adui akitokea, njuga ziingie. Ugumu uko studio. Mpigaji wa nyatiti hucharaza nyuzi, hugonga fremu kwa pete ya dole gumba la mguu, hutikisa njuga na kuimba, yote kwa mwili mmoja na kwa wakati mmoja. Akiombwa afanye kimoja kimoja, mdundo unaweza kulegea. Afadhali apige vyote pamoja, maikrofoni moja karibu na nyuzi, nyingine mguuni, kisha aurudie wimbo uleule kwa upole na kwa ukali, programu ichague.