LifeDrive ya Mwaka 2005: Kompyuta ya Kiganjani Iliyobeba Diski



Kabla simu hazijawa kompyuta, palikuwa na chombo kingine ambacho watu wenye shughuli nyingi walikitia mfukoni, nacho ni kompyuta ya kiganjani. Nyingi katika hizo hazikupiga simu. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi ratiba, namba za watu, orodha ya mambo ya kufanya na maandishi mafupi. Katika makala hii tunakitazama kimoja cha daraja la juu, LifeDrive, kilichotolewa Marekani mwezi Mei 2005 na kampuni ya palmOne kwa dola 499. Tumekichagua kwa kuwa kilikuwa na sifa nyingi mno kwenye boksi, na bado kikashindwa na ndugu yake wa bei ndogo.

Ili tukipime kwa haki, hapana budi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa Newton, kompyuta ya mkononi iliyoahidi kusoma mwandiko wa mtu yeyote. Mara nyingi iliusoma vibaya, watu wakaicheka, na mwaka 1998 ikaachwa. Wakati huo Jeff Hawkins, aliyeanzisha kampuni ya Palm mwaka 1992, alishika njia nyingine. Alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa mfuko wa shati, akatembea nacho, na kila alipotaka kuandika miadi alijifanya anaandika juu yake kwa kijiti. Alitaka kwanza kujua mtu hukitoa chombo hicho mfukoni kwa ajili ya nini. Matokeo yake yalikuwa Pilot ya mwaka 1996, yenye betri mbili ndogo za kawaida zilizodumu kwa wiki kadhaa.

Sisi tunaofundisha watoto herufi tunavutiwa zaidi na jambo moja. Hawkins hakuitaka mashine ijifunze mwandiko wa mtu. Alimtaka mtu ajifunze mwandiko wa mashine. Mwandiko huo uliitwa Graffiti, na karibu kila herufi iliandikwa kwa mchoro mmoja bila kuinua kalamu. Herufi A, kwa mfano, iliachwa bila mstari wake wa katikati. Mtu aliyekaa chini kwa muda mfupi aliweza kuandika bila kukosea sana. Ni mwalimu mkali, lakini alifaulu kule Newton ilikoshindwa.

Ama kasoro kubwa ya Pilot na wadogo zake ilikuwa kumbukumbu. Kila ulichoandika kilishikiliwa na umeme wa betri. Betri ikiisha kabisa, namba na ratiba zote zilifutika, na chombo kikawaka kama kimetoka dukani siku hiyo. Ndiyo maana kila mwenye nacho alishauriwa kukiweka mara kwa mara kwenye kibao kilichounganishwa na kompyuta ya mezani, abonyeze kitufe kimoja, nakala ya kila kitu ibaki huko. Aliyepuuza aliweza kupoteza kazi ya miezi. Mwaka 2004 kampuni ilianza kutumia kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na hilo lilikuwa hatua kubwa.

Sasa tuje kwa LifeDrive yenyewe. Ndani yake mlikuwa na Microdrive, yaani diski ndogo inayozunguka, ya gigabaiti 4, iliyotengenezwa na Hitachi. Kioo chake kilikuwa kirefu na chenye rangi. Kilikuwa na mtandao usiotumia waya, Bluetooth, kitufe cha kurekodi sauti, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na prosesa ya megahezi 416. Ukikiunganisha na kompyuta kiligeuka kuwa chombo cha kubebea mafaili. Kwa mwaka 2005 kubeba nyimbo, picha na vitabu vyote hivyo pamoja na ratiba yako halikuwa jambo dogo, na betri ikiisha hukupoteza kitu. Sifa hizo tusizipunguze.

Tatizo lilikuwa mahali programu zilipowekwa. Zilikaa kwenye diski ileile inayozunguka. Ukitoka kwenye kalenda kwenda kwenye orodha ya namba, diski ilibidi iamke, izunguke, itafutwe programu, ndipo kioo kibadilike. Sekunde chache, mtu atasema. Naam, lakini Pilot ya mwaka 1996, yenye nguvu ndogo mno kuliko hiki, ilifungua ukurasa mara tu ulipobonyeza. Mtu anayeandika namba huku mwenzake anasubiri kwenye simu hazioni sekunde hizo kuwa chache. Waliokipitia wakati huo walilalamikia jambo hilohilo.

Diski ya aina hiyo si mbaya kwa asili yake. Apple iliitumia kwenye iPod mini mwaka 2004, nayo ilifanya kazi vizuri, kwa sababu muziki una utaratibu. Kifaa kinavuta nyimbo kadhaa kwenye kumbukumbu, kisha diski inalala huku wewe unasikiliza. Ratiba haina utaratibu huo. Mtu huitaka ghafla, kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siku. Tena Apple wenyewe mnamo Septemba 2005 waliiondoa iPod mini na kuleta iPod nano isiyo na diski yoyote inayozunguka.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, kampuni ikiwa imekwisha kurudi kwenye jina la Palm, ilitoa TX kwa dola 299. Kioo kilikuwa na nukta zilezile, mtandao na Bluetooth vilikuwemo. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 312, yaani pungufu, na kumbukumbu yake megabaiti 128 tu. Hata hivyo ilijibu haraka zaidi, kwa kuwa haikusubiri diski, na ilikuwa nyepesi mfukoni. Aliyetaka nyimbo aliongeza kadi. Kwa maoni yetu, aliyelipa dola 200 zaidi alinunua nafasi ya kuhifadhi kwa gharama ya wepesi, na wepesi ndio uliokuwa sababu ya kuwa na kompyuta ya kiganjani tangu kile kipande cha mbao.

LifeDrive iliondolewa sokoni mapema mwaka 2007, wakati Apple ilipoitangaza iPhone. Palm nayo ilinunuliwa na HP mwaka 2010. Lakini baadhi ya waliobaki na LifeDrive hawakuitupa. Waliifungua, wakaitoa ile diski, na mahali pake wakapachika kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash yenye umbo lilelile, baada ya kunakili humo yaliyokuwa kwenye diski. Kusubiri kukapungua sana.