Inchi ya Ujazo na Ukweli wa Kipimo

Inchi ya ujazo ni nafasi ya kisanduku chenye inchi moja kwa urefu, upana na kimo. Kuanzia mwaka 1707, katika enzi ya Malkia Anne, sheria ya Uingereza iliweka galoni ya mvinyo kuwa inchi 231 za ujazo, ili kukomesha ubishi wa ushuru. Marekani ingali inaitumia galoni hiyo.

Huko Marekani watengenezaji wa magari walitaja ukubwa wa injini kwa inchi hizo hizo, yaani nafasi ipitiwayo na pistoni zote ndani ya silinda zake. Lakini hesabu ilipogeuka kuwa fahari, ilianza kupinda. Injini ya Ford ya mwaka 1963, iitwayo 427, ina silinda nane. Kipenyo cha kila moja ni inchi 4.23, na mwendo wa pistoni ni inchi 3.78. Azidishaye hupata inchi 425 tu. Namba 427 ilikaribia lita 7, ukubwa wa juu ulioruhusiwa mashindanoni, nayo ikavuma kuliko ukweli.

Penye ushuru, inchi ililindwa na sheria; penye fahari, mnunuzi aliachiwa kalamu yake.