Mtemi wa Mvua, Karani wa Kodi
Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, wilaya yenye jina moja na Ikulu ya Chamwino, na iliyozaliwa juzi tu, mwaka 2007. Lakini utawala wa kale wa Ugogo, nchi ya Wagogo ilimo Haneti, haukusimama juu ya kodi bali juu ya mvua: mtemi alitunza mawe ya mvua na kuiombea nchi. Mtu atauliza, mbona watemi walitoza misafara ya biashara hongo, yaani ushuru wa njia? Kweli, tena bila haya. Lakini waliolipa ni wapita njia, waliohitaji maji na chakula katika nchi kame. Waingereza, kwa sheria ya 1926, ndio waliomfanya mtemi mkono wa serikali. Cheo hicho ndicho kilichofutwa 1963. Mvua haikuwa na sheria ya kufutwa.