Jinsi Injili Ilivyoenea Iramba na Turu

Habari za kueneza Injili husemwa sana katika sharika zetu, na kila mwaka mipango mipya hufanywa kwa ajili ya kazi hiyo. Ni vema. Lakini mtu atakaye kupanda shamba jipya huuliza kwanza lile la zamani lilistawije. Kwa hiyo twataka kuwakumbusha ndugu wasomaji habari za mwanzo wa Kanisa katika nchi hii ya Singida, kisha tuone zatufundisha nini.

Wamisionari wa chama cha Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya kwanza walifika Iramba, wakajenga Ruruma. Kazi ilikuwa ingali changa vita ilipoanza mwaka 1914. Vita ilipokwisha nchi ikatawaliwa na Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Ndipo Walutheri wa Marekani, wa sinodi ya Augustana, ambao wazee wao walitoka Uswidi, wakaja kuzisaidia sharika za Kilimanjaro. Mmoja wao alikuwa Ralph Hult. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, Waamerika hao wakapewa nchi ya Iramba na Turu, wakaishika kazi huko mwaka 1926.

Fikirini nchi waliyoikuta. Wanyiramba, Wanyisanzu na Wanyaturu hawakukaa katika miji mikubwa. Kila jamaa ilikaa katika tembe lake, karibu na shamba lake la mtama au uwele na malisho ya ng'ombe zake. Mmisionari hakuweza kufika penye kila tembe, wala hakuzijua lugha na desturi za watu kama azijuavyo mwenyeji. Hivyo kazi ya kila siku ikawa juu ya walimu Waafrika. Mwalimu wa kijiji aliwafundisha watoto kusoma na kuhesabu, akawafundisha wakubwa mambo ya imani, siku ya Jumapili akaongoza ibada, na palipokuwa na msiba akaenda kukaa na wafiwa. Watu walimsikia akinena, nao walimwona akiishi. Kinampanda pakawa mahali pa kuwafundisha walimu, na hospitali zikajengwa Iambi na Kiomboi. Mambo hayo matatu, yaani neno, shule na dawa, yalikwenda pamoja.

Kisha likaja jaribu kubwa. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walizuiliwa tena, na Waamerika wachache wa Iramba na Turu wakapewa mzigo wa kuziangalia kazi za Walutheri katika sehemu nyingine za Tanganyika pia. Wenzao walikuwa njiani kuja kusaidia, lakini tarehe 17 Aprili 1941 meli yao, Zamzam, ilizamishwa na manowari ya Kijerumani katika bahari ya Atlantiki. Watu wote waliokuwamo waliokolewa, lakini msaada uliotazamiwa haukufika wakati ule. Je, sharika zilikufa? Hazikufa. Wachungaji, walimu na wazee Waafrika waliendelea kufundisha, kubatiza na kuzika. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa Kanisa moja, Kanisa la nchi hii ya kati lilikuwa mojawapo.

Wala jambo hili si la Singida peke yake. Huko Bukoba, kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910, walikuwako Wahaya wachache waliopata imani kutoka Buganda, na mmoja wa viongozi wao aliitwa Andereya Kajerero. Walikusanyika nyumbani mwao kusoma na kuomba. Wageni walipofika walikuta moto umekwisha kuwaka.

Basi twajifunza nini? Kwanza, Kanisa hukua kwa mikono ya wenyeji. Wageni walileta mbegu, na twawashukuru, lakini waliolima na kupalilia ni jirani kwa jirani. Pili, mtu aliyefundishwa polepole husimama. Asiyefundishwa, mvua ikikosa au mtoto akiugua, hurudi kwa mganga usiku, na asubuhi huja kanisani kana kwamba hakwenda popote. Tatu, yafaa kuwafuata watu pale walipo. Wahadzabe wa Munguli, katika wilaya ya Mkalama, huenda porini kutafuta asali, mizizi na nyama. Mwinjilisti angojaye chini ya bati mpaka waje atangoja sana. Hana budi kutembea nao.

Siku hizi twaona mambo yanayotutia hofu. Kijiji kimoja huwa na makanisa matatu au manne, na kila moja hujisifu kuwa limekua. Ukichunguza, waumini wapya wa hapa ni waumini wa jana wa pale. Kondoo wakihamishwa kutoka zizi hadi zizi, kundi haliongezeki hata mmoja. Kinachoongezeka ni ugomvi wa wachungaji. Tena mara nyingi fedha nyingi hutumika kwa vipaza sauti na mikutano ya siku tano, na mwinjilisti wa mtaa, ambaye siku ya sita atabaki na walioongoka, hapewi hata baiskeli. Hatusemi mikutano ni mibaya. Twasema kwamba mkutano ni siku ya kupanda tu, na palizi ni ya mwaka mzima.

Kwa hiyo, ndugu, yatupasa kuuliza maswali mengine zaidi ya idadi ya waliobatizwa. Wangapi wa mwaka juzi wangali wanasimama? Nani amewatembelea? Mwinjilisti wetu anakula nini? Jirani asiyeamini, aliyeunguliwa na nyumba, alipata msaada kwetu au hakupata? Wazee wa usharika wakiyaweka maswali haya katika kikao chao, na kila mkristo akichukua tembe moja tu la jirani kuwa kazi yake, Kanisa la Singida litakua kama lilivyokua hapo kwanza. Na siku msaada wa mbali utakapokatika, kama ulivyokatika mwaka 1941, halitatikisika.