Nauli kwa Vipande: Kondakta wa London na Tikiti Yake

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na kila kiongozi wa kikundi anayo karatasi na kalamu. Katika masomo yetu ya historia ya miji, leo tumefika kwenye nauli ya basi. Labda mtu atacheka na kusema, je, nauli nayo ina historia? Inayo, na ndani yake mna mgomo, mna ujanja, na mna swali moja gumu: mtu apokeaye fedha za tajiri wake njiani, mahali ambapo tajiri hamwoni, atahesabiwaje?

Twende mji wa London, Uingereza. Tarehe 4 Julai 1829 bwana mmoja jina lake George Shillibeer alianza kupeleka gari kubwa lililovutwa na farasi watatu, kutoka Paddington mpaka Benki Kuu katikati ya mji. Nauli ya njia nzima ilikuwa shilingi moja ya Kiingereza, yaani peni 12, na nusu ya njia peni 6. Maskini hakuweza kulipa fedha nyingi namna hiyo. Baadaye makampuni yaliposhindana, nauli zilishuka, na njia ikagawanywa vipande vifupi, hata mtu akaweza kupanda kwa peni moja.

Sasa tazameni jambo hili. Maadamu nauli ni moja kwa watu wote, kazi ni nyepesi: hesabu vichwa, zidisha, basi. Lakini nauli ikikatwa kwa vipande vya njia, kiti kimoja huweza kuuzwa mara tatu au nne katika safari moja, na kila mara kwa bei nyingine. Nani ajuaye kiti kile kimeingiza kiasi gani? Kondakta peke yake.

Kampuni kubwa kuliko zote, London General Omnibus Company, ilianzishwa mwaka 1855, na kwa muda wa miaka zaidi ya 30 haikutoa tikiti. Kondakta alisimama nyuma ya gari, akapokea peni, akazitia mfukoni. Wakubwa wa kampuni walijua kwa makadirio njia fulani huleta kiasi gani kwa siku. Kondakta akileta kiasi hicho, hakuulizwa neno. Akileta pungufu, alifukuzwa. Kilichozidi alikishika yeye, akamgawia na dereva. Ujira wake wa halali ulikuwa shilingi 4 au 5 kwa siku, na siku yenyewe ilikuwa ya saa 14 na zaidi. Kampuni ilijua habari hii, ikanyamaza, kwa kuwa ilipata watu wa kufanya kazi kwa ujira mdogo.

Ninyi mlioko Dar es Salaam au Nairobi mwautambua mpango huu bila kuelezwa. Mwenye daladala au matatu hutaka aletewe hesabu yake jioni, na kinachozidi ni cha dereva na kondakta. London iliishi hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwishoni mwa Mei 1891 kampuni ilibadili mambo, ikaleta tikiti. Kampuni nyingine, London Road Car Company, ilikuwa imekwisha kuzitumia tangu miaka ya 1880. Mara fedha ya ziada ikakatika, na saa za kazi zikabaki zile zile. Juma la kwanza la Juni halikupita ila makondakta na madereva waligoma. Kwa muda wa kama juma moja magari mengi yalilala, na watu wakaenda kazini kwa miguu. Wagomaji walitaka siku ya kazi iwe saa 12, wakaipata. Tikiti hazikuondolewa. Mimi naona kampuni ilikuwa na haki ya kutaka fedha zake, lakini ilianzia mwisho: iliondoa kwanza kile kilichokuwa kikijaza ujira, ndipo baadaye, kwa kulazimishwa, ikautazama ujira wenyewe.

Tikiti hizo zilifanyaje kazi? Kondakta alichukua kibao chenye safu za tikiti, kila bei na rangi yake, zenye namba zilizofuatana. Kifuani alivaa koleo la kutobolea. Abiria akilipa, kondakta alichomoa tikiti ya bei ile, akaitoboa penye alama ya kipande cha njia alicholipia, na koleo likalia kengele. Kengele ile haikuwa pambo. Ilimfanya abiria kuwa shahidi: asiposikia mlio, alijua fedha yake imepotea njia. Tena kile kiduara cha karatasi kilichotobolewa hakikuanguka chini, kilibaki ndani ya koleo lililofungwa kwa ufunguo. Palipokuwa na shaka, koleo lilifunguliwa, na viduara vikahesabiwa rangi kwa rangi.

Hata hivyo ujanja ulihamia upande wa pili. Abiria alilipa peni moja, akapitiliza vipande vitatu. Kondakta alipaswa kukumbuka nyuso za watu wa chini na wa ghorofa ya juu, na mkaguzi akipanda ghafula akamkuta mtu amepitiliza, kondakta naye aliulizwa.

Mwaka 1953 ilianza kutumika mashine ya bwana George Gibson, iliyochapa tikiti kwenye karatasi tupu na kuhesabu yenyewe tikiti za kila bei. Ilidumu mpaka 1993. Lakini dereva alipoachwa peke yake ndani ya basi, hakuweza kuuliza kila mtu ashukia wapi. Kwa hiyo mabasi ya Red Arrow, yaliyoanza Aprili 1966, yalitoza peni 6 kwa kila mtu, kwa sarafu iliyotiwa katika mashine mlangoni. Kisha Oktoba 1981 vipande viliacha nafasi kwa kanda: mji uligawanywa maeneo makubwa, nauli ikafuata ukanda. Nauli zilipunguzwa kwa kiasi cha theluthi siku zile zile, majaji wakuu wakalikataa punguzo hilo Desemba, na Machi 1982 zikapanda maradufu. Kanda zenyewe zikabaki.

Njia ya 159 ilikuwa ya mwisho ya kawaida kuwa na mabasi ya zamani yenye kondakta, mpaka tarehe 9 Desemba 2005. Tangu tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu.

Swali la kikundi: kama ninyi ndio makondakta wa mwaka 1891, mngeikubali tikiti kwa sharti gani? Andikeni jibu lenu, kiongozi alilete kwenye somo lijalo.