Nozeli, injekta na sindano: matumizi ya istilahi za mfumo wa dizeli

nozeli nm [i-/zi-] 1. ncha ya chuma yenye tundu moja au zaidi, ambayo hutawanya mafuta ya dizeli yakawa ukungu ndani ya injini. 2. (lugha ya gereji) injekta nzima. 3. ncha ya mpira wa maji, wa dawa au wa pampu ya kituo cha mafuta.

injekta nm [i-/zi-] kifaa kizima kinachopokea mafuta kutoka katika pampu na kuyaingiza katika silinda. Huwa na mwili, springi, sindano na nozeli.

Kwa ufupi

Kila injekta ya dizeli ina nozeli, lakini nozeli peke yake si injekta. Katika gereji nyingi za Tanzania jina la ncha limechukua nafasi ya jina la kifaa kizima, na fundi anayeshughulikia mfumo huo hujulikana kama fundi pampu, au fundi wa pampu na nozeli. Matumizi hayo hayana kasoro mradi msemaji na msikilizaji wamesimama mbele ya injini moja. Katika mkataba wa matengenezo, orodha ya vipuri, mwongozo au tafsiri, maana ya 1 na ya 2 zinapaswa kutenganishwa. Makala hii inaonyesha sababu yake kwa kutumia gari linalofahamika vizuri katika uwanda wa kati wa Tanzania.

Gari la mfano: Mkonga

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Watanzania waliipa jina la Mkonga kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Matoleo mengi yaliyotumika katika idara za serikali, mashirika ya misaada na hospitali yalifungwa injini ya 1HZ, iliyoanza kutolewa mwaka 1990: dizeli ya silinda sita, ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo. Injini hiyo ina injekta sita na pampu moja ya kimakanika. Magari ya aina hiyo bado hubeba wagonjwa, chanjo na watumishi katika barabara za vumbi za Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino, na mengi yamefikia umri ambao swali la kuboresha injekta haliepukiki.

Ili kuchagua neno sahihi, mfasiri anahitaji kujua mgawanyo wa kazi ndani ya mfumo huo. Katika 1HZ, *pampu hupima na nozeli hutawanya*. Pampu ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta kitakachokwenda kwa kila silinda na wakati wa kuyatuma. Injekta husubiri. Shinikizo la mafuta likifikia kiwango kilichowekwa na springi, ambacho katika injini za aina hii zenye chumba-awali huwa takriban kati ya bar 100 na 160, sindano iliyo ndani ya nozeli huinuka na mafuta hupita yakiwa ukungu. Shinikizo likishuka, sindano hukaa tena kitini na kufunga.

Mgawanyo huo haumo katika injini zote. Mwaka 2007 mfululizo huohuo wa 70 ulianza kufungwa katika baadhi ya masoko injini ya V8 yenye mfumo ambao mafundi huuita komoni reli. Humo mafuta hukaa tayari katika bomba moja linalolisha injekta zote, kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,000, na kompyuta huamuru kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Pampu ya mfumo huo hutoa shinikizo, na injekta ndiyo inayokamilisha kipimo.

Kwa hiyo maneno *kufunga nozeli kubwa zaidi* hayana matokeo mamoja. Katika komoni reli, nozeli yenye matundu makubwa hupitisha mafuta mengi zaidi katika muda uleule, na nguvu ya injini huongezeka pamoja na joto lake. Katika 1HZ, ambayo pampu yake imekwisha kupima, nozeli nyingine hubadili zaidi kasi ya mafuta kuingia na umbo la ukungu kuliko kiasi chake. Anayetaka mafuta zaidi huko hugusa pampu. Mfasiri anayehamisha maelezo ya gari la mfumo mmoja kwenda katika mwongozo wa gari la mfumo mwingine kwa sababu tu neno *nozeli* limeonekana kotekote, huwa amehamisha kosa la kiufundi.

Kuboresha, kubadilisha, kurekebisha, kurejesha

Vitenzi vinne hugombea nafasi moja katika maandishi ya aina hii. Havina maana moja.

*Kubadilisha* ni kutoa kitu na kuweka kingine mahali pake. Kitenzi hiki hakisemi kama kipya ni cha kipimo kilekile au cha kipimo tofauti. Sentensi *Nozeli zote sita zibadilishwe* ni pungufu katika hati ya kazi. Ikamilishwe kwa *kwa nozeli za namba ileile* au *kwa nozeli za namba hii*.

*Kurekebisha* ni kurudisha kipimo mahali panapotakiwa bila lazima ya kuweka kipuri kipya. Kwa injekta za kimakanika, marekebisho hufanywa kwa kubadili unene wa kipande chembamba cha chuma kinachoketi juu ya springi. Kikiwa kinene zaidi, springi hubanwa zaidi na shinikizo la kufungukia hupanda.

*Kurejesha* ni kukirudisha kifaa kwenye hali aliyoikusudia mtengenezaji. Hiki ndicho kitenzi kinachosahaulika zaidi, na mara nyingi ndicho kinachohitajika. Mkonga uliotembea miaka mingi ukipatiwa nozeli mpya za namba ileile na injekta zake zikapimwa, dereva huhisi gari limeongezewa nguvu. Kwa kweli limerudishiwa nguvu lililokuwa limepoteza.

*Kuboresha* ni kukipeleka kifaa kwenye ubora ambao hakikuwa nao. Kiambishi cha usababishi kilichoungwa kwenye *bora* kinabeba ahadi: baada ya kazi, kitu kitakuwa bora kuliko awali. Kwa hiyo kitenzi hiki kitumike pale tu ambapo maandishi yanaweza kutaja kilichoboreshwa, kwa mfano umbo la ukungu, utulivu wa injini au matumizi ya mafuta. *Kuongeza mafuta* si lazima kuwe *kuboresha*.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee katika uwanda wa kati. Mji wa Dodoma upo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa ujazo uleule, lakini hewa hiyo ni nyepesi zaidi. Mafuta yakizidishwa bila hewa kuongezeka, ziada haiungui vizuri: hutoka kama moshi mweusi, moto katika njia ya moshi hupanda, na mzigo ukiwa mkubwa juu ya mwinuko mrefu pistoni zinaweza kupasuka au kuyeyuka. Hati iliyoandika *boresha* mahali pa *rejesha* inaweza kumwelekeza msomaji mwaminifu kwenye uharibifu huo.

Sindano, kudunga na kupuliza

Baadhi ya tafsiri huita injekta *sindano ya mafuta* na kazi yake *kudunga mafuta*. Uteuzi huo una kasoro mbili. Kwanza, ndani ya nozeli kuna kipande ambacho kwa hakika ni sindano: pini nyembamba inayoinuka na kukaa. Kifaa kizima kikiitwa sindano, kipande hicho hubaki bila jina. Pili, *kudunga* humpeleka msomaji hospitalini, kwenye ngozi na mshipa, ilhali katika silinda hakuna kinachotobolewa.

Vitenzi vinavyoeleza kazi yenyewe ni *kuingiza* (kwa tendo la jumla), *kupuliza* au *kunyunyiza* (kwa namna mafuta yanavyotoka) na *kutawanya* (kwa umbo la ukungu). Nozeli nzima *hupuliza*; nozeli iliyochakaa *hudondosha*. Vitenzi hivi viwili vinatosha kueleza nusu ya uchunguzi wa fundi, kwa kuwa matone yasiyoungua ndiyo chanzo kimojawapo cha injini kugonga, kutoa moshi na *kumisi*. *Kumisi*, yaani silinda moja au zaidi kutofanya kazi kwa mpangilio, ni neno la gereji lililoenea. Katika maandishi rasmi lifafanuliwe linapotokea mara ya kwanza.

Presha, shinikizo na mgandamizo

Fundi husema *presha* kwa mambo mawili tofauti. Hewa inayobanwa na pistoni ina *mgandamizo*, na mgandamizo huo ndio unaoipasha joto hewa hadi iwashe dizeli bila cheche. Mafuta yanayosukumwa na pampu yana *shinikizo*. Injekta hupimwa shinikizo. Silinda hupimwa mgandamizo. Maneno haya yakichanganywa, fundi anaweza kununua injekta mpya kwa injini ambayo ugonjwa wake ni pete za pistoni zilizokwisha, na moshi ukaendelea kama awali.

Uchakachuaji

Istilahi moja iliyopevuka katika mazingira ya mafuta imekwisha kuvuka mipaka yake. Kitenzi *kuchakachua* kilienea sana nchini Tanzania karibu na mwaka 2010 kwa maana ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo wakati huo yalikuwa na bei ya chini zaidi. Bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Neno lenyewe lilihamia kwenye kura, matokeo na takwimu, na limebaki huko.

Kwa mwandishi wa masuala ya injini, maana ya awali bado ni hai. Dizeli hulainisha pampu na sindano inazopitia. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kiwango hicho. Kwa hiyo injekta zilizoharibika mapema zinaweza kuwa dalili tu. Hati ya matengenezo inayoagiza injekta mpya bila kutaja chujio, maji ndani ya tangi na ubora wa mafuta imetibu homa na kuacha malaria.

Ngeli na upatanisho

*Nozeli*, *injekta* na *pampu* huchukua i-/zi-: *nozeli imeziba, injekta zimepimwa, pampu inavuja*. *Dizeli* ikitajwa peke yake huchukua i-: *dizeli imechafuka*, ikitanguliwa na *mafuta*, upatanisho hufuata *mafuta*: *mafuta ya dizeli yamechafuka*.

*Gari* katika Kiswahili sanifu ni li-/ya-: *gari hili, magari haya*. Upatanisho wa *gari hii* ni wa kawaida katika mazungumzo, lakini hauingii katika maandishi rasmi.

*Mkonga* ni u-/i-: *mkonga umevunjika, mikonga imevunjika*. Jina linapotumika kwa gari zima, huleta utata: *Mkonga umevunjika* inaweza kuwa habari ya bomba au ya gari. Utata huondolewa kwa kutanguliza *gari* (*gari la Mkonga limeharibika*) au *bomba* (*bomba la mkonga limevunjika*). Herufi kubwa husaidia jicho, lakini haisaidii sikio.

Mfano wa hati iliyorekebishwa

Sentensi ya kwanza hapa chini ni ya aina inayoonekana mara nyingi katika maombi ya matengenezo:

✗ *Gari la wagonjwa liboreshwe nozeli.*

Msomaji hawezi kujua kama zinanunuliwa ncha sita au injekta sita, za namba gani, wala kama zitapimwa. Mzabuni aliyefunga ncha sita zenye bei ndogo na kuondoka atakuwa ametekeleza alichoandikiwa. Maelezo yafuatayo hayaachi mwanya huo:

✓ *Injekta zote sita zifunguliwe na kupimwa kwenye mashine: shinikizo la kufungukia, umbo la ukungu na udondoshaji. Nozeli zilizochakaa zibadilishwe kwa nozeli za namba ileile. Shinikizo lirekebishwe hadi kiwango cha mtengenezaji, na injekta zote zilingane. Washa za kukalia injekta ziwe mpya. Kipimo cha pampu kisiguswe bila idhini ya maandishi. Chujio la dizeli libadilishwe, na tangi likaguliwe kama lina maji.*

Hati hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina neno gumu hata moja. Fundi aliyezoea kusema *nozo* ataielewa, mhasibu ataweza kuilinganisha na ankara, na mkaguzi ataweza kuuliza matokeo ya vipimo. Gari likikwama usiku kati ya Mpwapwa na hospitali ya rufaa likiwa na mgonjwa ndani, itajulikana kazi gani iliagizwa na ipi haikufanyika.

Muhtasari kwa wafasiri na walimu

• Andika *injekta* kwa kifaa kizima na *nozeli* kwa ncha yake. Unaponukuu usemi wa mafundi, acha *nozeli* au *nozo* kama ilivyosemwa.
• Andika *sindano* kwa pini ya ndani pekee.
• Kabla ya kutumia *kuboresha*, jiulize kama *kurejesha* hakutoshi.
• Tambua kwanza mfumo wa injini: pampu hupima, au injekta hupima? Jibu ndilo litakaloamua kitenzi.
• Tenganisha *shinikizo* la mafuta na *mgandamizo* wa hewa.

Tazama pia: chujio, dizeli, gari, mgandamizo, pampu, silinda, uchakachuaji.